Kitabu Kimoja, Masikio Mengi

Watu wengi hudhani kwamba kusoma ni kazi ya mtu mmoja. Humwazia mtu ameketi peke yake penye taa, kitabu mkononi na mlango umefungwa. Nao wakisikia kwamba mahali fulani watu hukutana mara moja kwa mwezi ili kuzungumza juu ya riwaya, yaani hadithi ndefu iliyoandikwa kitabuni, hucheka na kusema: "Hayo ni mambo ya watu wa mijini, wenye vitabu vingi na nafasi nyingi."

Sisi tulioko Hombo, penye daraja linalounganisha Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, twasema sivyo. Desturi ya watu wengi kusikiliza hadithi moja, kisha kila mtu kutoa neno lake, ni ya zamani sana katika misitu yetu. Ilikuwako kabla ya karatasi. Karatasi ilipokuja, desturi hiyo iliendelea kwa njia nyingine, na pengine ilizuiwa. Basi leo twapenda kueleza historia yake kwa ufupi, ili tupate kujua tumerithi nini na yatupasa kukitunza namna gani.

Hadithi ya siku 12

Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alikuwa katika teritori ya Walikale akichunguza desturi za Wanyanga. Pamoja naye alikuwako Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga wenyewe, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Walimpata mtambaji mmoja, jina lake Candi Rureke, aliyejua hadithi ndefu ya namna ile ambayo Wanyanga huiita karisi. Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa muda wa siku 12, nao wakaandika. Kazi hiyo ilipigwa chapa Marekani mwaka 1969, na tangu hapo jina la Mwindo linasomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali, hali vijana wengi wa Walikale hawalijui.

Hadithi yenyewe ni hii. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae binti tu. Mmoja akamzaa mtoto mwanamume, Mwindo, aliyezaliwa akiwa na uwezo wa kusema na kutembea. Baba akataka kumwua: akamtupia mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akapona yote. Akaenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na nguvu, akamfuata baba yake hata kuzimu alikokimbilia, akamkamata. Lakini hakumwua. Alimrudisha nyumbani, na mbele ya mkutano wa watu wote baba akakiri kosa lake. Baadaye Mwindo mwenyewe alijivuna, akamwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamchukua juu mbinguni, akamtesa huko kwa baridi na mvua hata akajifunza unyenyekevu.

Twawaombeni wasomaji waangalie mambo mawili. La kwanza, hadithi hii haikusimuliwa na mtu mmoja kwa watu walionyamaza kama mawe. Rureke alikuwa na wasaidizi walioitikia nyimbo, na watu waliohudhuria walimtia moyo. La pili, ndani ya hadithi yenyewe mambo makubwa hayamalizwi kwa mkuki, bali kwa mkutano. Shemwindo asema neno lake, Iyangura asema lake, Mwindo naye asema lake, na watu wote wasikia. Hivyo wazee waliotunga hadithi hii walijua kwamba kosa la mtemi ni la kuzungumzwa hadharani, na kwamba hata mwanamke ana haki ya kumwambia kaka yake mtemi mbele ya watu: "Hapa ulikosa."

Karatasi yafika

Wamisionari walipokuja walileta kitabu. Mapadre Weupe walifungua shule kandokando ya Ziwa Tanganyika, na katika seminari yao alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa daraja ya upadre mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kuwa padre. Kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalikuwa yametolewa kwa Kifaransa katika gazeti la Ubelgiji. Ni kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongo kupigwa chapa kwa lugha hiyo. Twaona basi kwamba mtu wetu alipojifunza kusoma hakukaa kimya muda mrefu. Mara alitaka kutoa maoni yake.

Lakini katika shule za kwanza kitabu kilikuwa hasa katekisimu na kitabu cha hesabu. Sisi makatekista twaijua vema kazi ya katekisimu: huuliza swali, na chini yake jibu limeandikwa. Namna hiyo ina faida yake, kwa maana mtoto hujenga juu ya msingi. Riwaya ni kitu kingine. Huuliza swali na kumwachia msomaji alitafutie jibu. Je, mtu huyu alitenda vema? Je, wewe ungalifanya nini? Ndiyo sababu riwaya yahitaji wasomaji wengi pamoja, na ndiyo sababu wakubwa wa mahali pengi waliiogopa.

Kanisa letu nalo lilikuwa na woga wake, wala haifai tufiche. Tangu mwaka 1559 Roma ilitoa orodha ya vitabu ambavyo Wakatoliki walikatazwa kuvisoma bila ruhusa. Riwaya nyingi ziliingia humo. Les Misérables ya Victor Hugo, habari za mfungwa Jean Valjean aliyegeuzwa moyo na huruma ya askofu, iliandikwa katika orodha hiyo mwaka 1864 na kuondolewa mwaka 1959 tu. Orodha ya mwisho ilipigwa chapa mwaka 1948, na mwaka 1966, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Roma ilitangaza kwamba orodha hiyo si sheria tena. Tangu hapo Mkristo aachiwa dhamiri yake ichague, lakini dhamiri yataka kufundishwa. Nayo hufundishwa vizuri zaidi pamoja na wenzake kuliko gizani peke yake.

Mwaka 1948

Mwaka huohuo wa 1948, orodha ile ilipochapwa mara ya mwisho, jambo lingine lilitokea upande wa Kongo. Wakati huo Wakongo waliosoma walikuwa na vyama vyao vya mazungumzo mijini. Walikutana jioni, wakasikiliza hotuba, wakasoma, wakabishana. Vyama hivi mara nyingi vilikuwa chini ya uangalizi wa padre au wa mkubwa wa serikali. Palikuwa na gazeti pia, La Voix du Congolais, lililotolewa Leopoldville tangu mwaka 1945 hata 1959, likiongozwa na Antoine-Roger Bolamba.

Katika gazeti hilo, mwaka 1945, kijana mmoja aliyewahi kusoma seminari ndogo, Paul Lomami Tchibamba, aliandika makala akiuliza mahali pa Wakongo patakuwa wapi katika dunia ya kesho. Lilikuwa swali tu. Lakini kwa sababu ya swali hilo alisumbuliwa na serikali ya Wabelgiji. Miaka mitatu baadaye alituma hadithi yake, Ngando, katika mashindano ya maonyesho ya makoloni huko Brussels, akapata tuzo, na kitabu kikapigwa chapa mwaka 1948. Ngando maana yake mamba. Ni habari ya mtoto wa Leopoldville aliyekamatwa na mamba mtoni, na ya baba yake aliyejaribu kumrudisha kwa nguvu za siri.

Basi tazama ajabu: mtu aliyesumbuliwa kwa makala alisifiwa kwa hadithi. Serikali iliona katika hadithi ile mamba na uchawi, mambo ya kupendeza ya Waafrika. Lakini msomaji wa Leopoldville aliona pia mji, na hofu ya mtu mnyonge mbele ya nguvu asizozijua. Kitabu kimoja, masikio mawili. Tchibamba alivuka mto akaenda Brazzaville, na huko aliongoza gazeti Liaison, lililoanza mwaka 1950 kuwa sauti ya vyama vya utamaduni vya Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Katika vyama hivyo watu walikutana, wakasoma, wakaandikiana maoni toka mji mmoja mpaka mwingine. Alirudi kwao Kongo mwaka 1959. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuzungumza juu ya vitabu ni mchezo wa wasio na kazi. Kwa mwandishi huyu lilikuwa jambo la kuhama nyumba.

Upande wa Kiswahili

Sisi wa Kivu tuna bahati ya mlango wa pili, yaani Kiswahili. Kupitia mlango huo twaingia katika vitabu vya ndugu zetu wa mashariki, kwa kuwa huko nako palikuwa na mabishano makubwa.

Mwaka 1934 James Mbotela wa Kenya alitoa Uhuru wa Watumwa. Aeleza jinsi watu wa bara walivyokamatwa, wakaswagwa hata pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa na manowari za Waingereza na kukaa Freretown karibu na Mombasa. Wasomaji wengine wakisifu wakisema: huyu ametuhifadhia habari za baba zetu, ambazo zingalipotea. Wengine wakilaumu wakisema: amewashukuru Waingereza mno, akasahau kwamba walewale walikuja kutawala. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina neno. Aliyetolewa minyororo humshukuru aliyeikata, na mjukuu wake ana haki ya kuuliza yule mkataji alitaka nini baadaye.

Mwaka 1951 Shaaban Robert wa Tanganyika alitoa Kusadikika. Karama ashitakiwa mbele ya mfalme na waziri Majivuno, kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Ajitetea kwa muda wa siku sita, na kila siku asimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nchi nyingine, akarudi na shauri jema, akatiwa kifungoni kama malipo yake. Mwisho mfalme amwachilia Karama. Nchi ya Kusadikika haimo katika ramani. Mwandishi aliiweka hewani, na kila msomaji ajua iko wapi. Mmoja husema ni nchi iliyotawaliwa na wageni. Mwingine husema ni nchi yoyote ambayo mwenye kuleta shauri hufungwa, ya zamani au ya leo. Na katika kitabu hiki pia, kama katika habari za Mwindo, wokovu waja kwa sababu mtu mmoja amepewa nafasi aseme mpaka mwisho, na wengine wamesikiliza.

Baadaye riwaya ziliongezeka. Ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliweka mashindano, na Muhammed Said Abdulla wa Unguja akashinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopigwa chapa mwaka 1960. Hicho ni kitabu cha upelelezi: maiti yaonekana, watu wasema ni mzimu, naye Bwana Msa atumia akili kumtafuta mwuaji. Twajua vijiji vingi ambavyo vingefaidika na kitabu kama hicho, maana mtu akifa ghafla watu hutafuta mchawi kabla ya kutafuta sababu.

Padre aliyeingia msituni

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, waandishi wetu waliandika bila kuomba ruhusa ya mkoloni. Twataja wawili.

Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2000, aliandika kwa Kifaransa chepesi kinachoeleweka na mwanafunzi wa sekondari. Vitabu vyake vingi vilitolewa Kinshasa na wachapaji wa Mtakatifu Paulo, hivyo viliuzwa pamoja na vitabu vya sala. Bandoki, ya mwaka 1973, ni juu ya wachawi na hofu ya wachawi. Watu wengi wa Kongo walisoma riwaya kwa mara ya kwanza mikononi mwa mwandishi huyu.

Wa pili ni Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025. Katika ujana wake alikaa na watawa Wabenediktini. Riwaya yake Entre les eaux, maana yake kati ya maji mawili, ilitoka mwaka 1973. Padre Mkongo, Pierre Landu, aliyesomeshwa Ulaya, aona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Aacha misioni, aingia msituni kwa waasi ili awe pamoja na maskini. Huko nako waasi hawamwamini, na yeye mwenyewe haoni amani. Mwisho arudi katika maisha ya utawa, na moyo wake ungali umegawanyika.

Kitabu hiki kingaliweza kuchukiza watu. Lakini mwaka 1975 kilipewa tuzo kubwa ya Kikatoliki ya fasihi huko Ufaransa. Toka mwaka 1966, ile orodha ya makatazo ilipokoma, mpaka mwaka 1975 ni miaka tisa tu. Twasema hivi kwa shukrani. Wakatoliki waliweza kusoma habari za padre aliyekosa njia na kutambua humo swali la kweli: mchungaji akae wapi wakati kondoo wanaonewa?

Faida yake hapa kwetu

Sasa turudi Hombo. Sisi wachache hukutana mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya Misa. Nakala ya kitabu mara nyingi ni moja. Mmoja husoma kwa sauti, na kama ni Kifaransa mwingine huyageuza maneno kwa Kiswahili, maana kati yetu wako Watembo, Wanyanga, Warega, Wahavu na wenye kusema Kinyarwanda. Kiswahili ndicho kiti tunachokalia wote.

Wasomaji wa parokia zetu wajua nchi hii imepita wapi. Mwezi wa Machi mwaka 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika teritori ya Walikale, na vita vikaenea mpaka Masisi. Tangu hapo vita vimefuata vita. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Kila kabila lilikuwa na hadithi yake juu ya jirani, likaisimulia nyumbani kwake tu, mbele ya masikio yaliyokwisha kukubali. Hadithi isiyopata mtu wa kuipinga huota meno.

Tulipozungumza habari za Mwindo, swali lilikuwa moja: je, alitenda vema kumrudisha baba aliyemzika hai? Mzee mmoja alisema hapana, mtu wa namna hiyo hairudishwi fimbo yake ya utawala. Mama mmoja, mjane wa vita, alisema Mwindo hakusamehe bure: kwanza baba alikiri mbele ya watu wote, na sisi hapa hakuna aliyekuja kukiri. Kijana mmoja akajibu kwamba tukingoja wengine wakiri kwanza, na wao watatungoja sisi. Hapo palikuwa kimya. Wote walijua kwamba hatuzungumzi tena juu ya Tubondo. Hakuna aliyemshinda mwenzake, wala hatukupiga kura. Lakini yule mama alisema mambo ambayo hangalisema katika mkutano wa amani ulioitwa na wakubwa, kwa sababu hapa aliweza kusema "Shemwindo" badala ya jina la jirani. Na mwezi uliofuata wote watatu walirudi.

Hiyo ndiyo faida ya riwaya isomwayo pamoja. Hutupa watu wasiokuwako ili tubishane juu yao, na kwa kubishana juu yao twajifunza kusikilizana juu ya wale waliopo.

Kwa hiyo twawashauri ndugu wa parokia nyingine wajaribu. Haihitaji nyumba wala fedha nyingi. Chagueni kitabu kimoja ambacho watu hawatakubaliana juu yake. Kisomwe kwa sauti, ili asiyejua kusoma awe sawa na mwalimu. Anayesema aonyeshe mahali katika kitabu panapomsaidia, asitegemee cheo wala umri. Akina mama wasiachwe mwisho. Asiyekubali arudie kwanza maneno ya mwenzake, mpaka mwenzake aseme, "Naam, ndivyo nilivyosema," kisha ndipo ampinge. Na mazungumzo ya siku hiyo yasitumiwe kesho kumshitaki mtu barazani.

Candi Rureke alihitaji siku 12 kumaliza hadithi yake, na watu wa Walikale walikaa wakasikiliza. Je, sisi tutakosa saa mbili kwa mwezi?